Banda la Baiskeli, Mbwa wa Mbio na Wazee wa Mayo

Septemba 2024 Ireland nzima ilikuwa ikizungumzia banda la baiskeli. Bunge la nchi hiyo, Leinster House mjini Dublin, lilikuwa limejengewa kibanda cha kuegesha baiskeli 36 kwa takriban euro 336,000. Habari zilipotufikia huku kaunti ya Mayo, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, uji wa asubuhi ulipoa mezani. Mzee mmoja aliyekuwa mkulima, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo mpaka amalize kikombe cha pili cha chai, aliomba kalamu akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. Zaidi ya euro 9,000 kwa kila baiskeli. Kisha akatusimulia banda la ng'ombe alilojenga na kaka yake: urefu wake, zege lake, mabati yake, na duka walikonunua misumari. Na banda lao, akasisitiza, lilizuia mvua.

Taarifa ile ile iligusia hospitali mpya ya taifa ya watoto inayojengwa Dublin. Mwaka 2017 serikali iliidhinisha euro milioni 983 kwa ajili yake. Kufikia 2024 hesabu ilikuwa imepita bilioni 2.2, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amelazwa humo. Wazee walitikisa vichwa, mmoja akafanya ishara ya msalaba, wakarudi kwenye baiskeli.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Kwetu anayeiba kuku hupigwa, na anayeiba hazina ya umma huwekewa kiti cha mbele harusini, kwa hiyo nilidhani nimekutana na ugonjwa ninaoujua. Nikamuuliza mwalimu mstaafu, bibi wa karibu miaka tisini ninayemsaidia kuvaa kila asubuhi: mbona mnazipigia kelele laki tatu na kuziacha bilioni mbili zipite? Alinijibu huku nikimfunga vifungo vya sweta. Hospitali, alisema, sijui inagharimu kiasi gani. Kuna mashine, kuna mabomba ya oksijeni, kuna vyumba vya upasuaji. Akija mtu aniambie bilioni moja nitakubali, akija mwingine aniambie tatu nitakubali pia. Lakini banda nalijua. Kila mtu humu ndani analijua banda.

Tangu siku ile, kadiri ninavyowasikiliza watu wa huku ndivyo ninavyoona kwamba maoni yao mengi ya siasa yamesimama hapo hapo. Hawaanzi na chama wala itikadi. Huanza na kitu ambacho bei yake wanaijua. Mwaka 2019 ilikuwa mashine ya kuchapisha ya bunge, iliyonunuliwa kwa zaidi ya euro 800,000 kisha ikagundulika kwamba haienei mahali ilipopaswa kuwekwa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya RTÉ, shirika la utangazaji la taifa. Kiini cha kashfa kilikuwa malipo ya euro 345,000 kwa mtangazaji wake maarufu, Ryan Tubridy, ambayo shirika halikuyatangaza kwa umma. Lakini wabunge walipoanza kuwahoji wakubwa wa shirika moja kwa moja kwenye televisheni, kilichowakaa watu rohoni ni ndara. Karibu euro 5,000 zilikuwa zimetumika kununua jozi 200 za ndara kwa ajili ya sherehe moja. Kila nyumba yenye televisheni hulipa leseni ya euro 160 kwa mwaka, basi mpishi wetu akapiga hesabu akatangaza jikoni kwamba leseni yake imenunua jozi sita, na angependa kuambiwa zilivaliwa na nani.

Sioni kwamba hiyo ni akili ndogo. Mtu asiyeweza kuikagua hospitali anakagua anachokiweza, na kutokana na hicho anapata kumjua mwenye kushika mfuko. Ninachokilalamikia ni kwamba kelele za vitu vidogo huwapa wakubwa mahali pa kujificha. Waziri huomba radhi kwa ajili ya banda, hufanya hivyo kwa uso mzito kabisa, na mabilioni yanaendelea na safari yao.

Hata hivyo kuna jambo ninalolionea wivu. Banda lile na ndara zile zilijulikana kwa sababu kuna karatasi, na karatasi zinaweza kudaiwa. Sheria yao ya haki ya kupata taarifa ni ya tangu 1997, na waandishi wa habari wanaitumia mpaka makarani wanachoka. Nikawaeleza wazee kuhusu reli yetu ya SGR: jinsi treni zilivyoanza kuondoka Miritini mwaka 2017, na jinsi tulivyosubiri mpaka Novemba 2022 ndipo serikali ikatoa hadharani baadhi ya kurasa za mkataba wa mkopo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na ndara je, mlizikuta?" Nikamwambia hatujafika huko.

Makao yetu yako nje kidogo ya mji, na baraza lake ni chumba cha kukaa chenye dirisha kubwa linaloangalia malisho. Asubuhi redio ya Midwest husoma matangazo ya vifo, na wakati huo hakuna anayeongea. Yakiisha, mjadala unaanza. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuna anayeisifu serikali, hata aliyeipigia kura. Mkulima wetu ni Fine Gael wa kurithi, kama baba yake na babu yake, na huitukana Fine Gael kila siku ya Mungu. Jirani yake wa mezani, mjane aliyekuwa na duka, ni Fianna Fáil kwa njia hiyo hiyo. Vyama hivyo viwili chimbuko lake ni pande mbili zilizopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, na havikuwahi kugawana viti vya serikali moja mpaka mwaka 2020. Nilimuuliza mjane anaonaje. Akasema mume wake aliondoka dunia kwa wakati mzuri.

Jambo la pili nililijua kwa kupitia hati yangu ya mshahara. Mwajiri hukata PAYE, yaani kodi ya mapato, hukata PRSI, mchango wa bima ya jamii, halafu kuna mstari wa tatu unaoitwa USC, kodi nyingine juu ya mapato yale yale. Nilipomuuliza muuguzi mwenzangu kutoka Kerala, India, alicheka akasema hiyo waulize wazee, wanaijua kuliko rozari. Walinieleza kwa zamu, wakikatizana. Septemba 2008 serikali iliwawekea wenye benki dhamana, na kuziokoa benki hizo kukaigharimu nchi takriban euro bilioni 64. Mwaka 2010 wakaja wakopeshaji wa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2011 ukaanza huo mstari wa tatu, na wakopeshaji walipokwisha kuondoka mstari ulibaki. Bado wanaikumbuka kauli ya waziri wa fedha wa wakati ule, marehemu Brian Lenihan, aliyesema kwamba wote walisherehekea. Mkulima anasema hakupata mwaliko. Mpishi, ambaye wanawe wawili walikwenda Perth miaka ile na hawajarudi, hasemi kitu hapo. Huinuka akaenda kuosha vyombo.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu hao hao walimwagika barabarani mwaka 2014 kupinga ankara za maji, anzia kwenye mstari huo wa tatu. Serikali ilikuwa imeunda kampuni ya maji na kuanza kufunga mita majumbani, na walipaji wakaona wanatozwa mara ya pili. Maandamano yalikuwa makubwa sana, na kufikia 2017 mpango ulikuwa umefutwa na waliolipa wakarudishiwa pesa zao. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo maji huja kwa mkokoteni, mtungi kwa bei ya siku hiyo, nilishindwa kuwahurumia. Nilidhani mkulima atanikaripia. Kumbe na yeye hakuwahurumia. Vijijini mwa Mayo kuna miradi ya maji ya vikundi: majirani walichangishana, wakachimba mitaro, wakalaza mabomba, na wamekuwa wakilipia wenyewe kwa miaka mingi. Kwake yeye maandamano yalikuwa ni watu wa Dublin kugundua kwamba maji yana bei.

Dublin. Neno hilo humu ndani hutamkwa kwa namna ambayo Mpwani hutamka Nairobi.

Ndiyo maana kila mgeni anayehamia Mayo lazima asimuliwe uwanja wa ndege wa Knock, apende asipende. Knock ni kijiji cha mahujaji. Inaaminika Bikira Maria alionekana hapo mwaka 1879, na Papa Yohane Paulo II alikitembelea mwaka 1979. Paroko wake, Monsinyori James Horan, aliamua kijiji kipate uwanja wa ndege wa kimataifa, juu ya kilima chenye ukungu na ardhi ya tope jeusi. Serikali ya waziri mkuu Charles Haughey ikaahidi pesa na kazi ikaanza. Serikali iliyofuata ikafunga mfuko, wataalamu wakaeleza kwa takwimu kwamba ni upuuzi. Padri akaendelea. Akauza tikiti za bahati nasibu, akachangisha waliohamia ng'ambo, na tarehe 30 Mei 1986 uwanja ukafunguliwa rasmi. Alifariki miezi miwili baadaye. Leo unapitisha abiria zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Dada yangu anayeishi Luton hushuka hapo akija kunitembelea, na kila mara dereva wa teksi humsimulia hadithi hii tangu mwanzo.

Mimi nilisikia harambee. Mtu aliyezaliwa Kenya hawezi kusikia habari ya padri na tikiti za bahati nasibu asikumbuke vyumba vya madarasa vilivyojengwa kwa kuku wa mnada. Nilipowaeleza harambee zetu, na jinsi wanasiasa walivyozigeuza kuwa jukwaa la kurusha noti, wazee walifurahi sana. Mkulima akataka kujua noti zilirushwa za kiasi gani. Lakini Mwalimu, ambaye hapendi hadithi iishe vizuri mno, aliongeza kwamba uwanja huo mpaka leo hupokea ruzuku kutoka serikali kuu. Mkulima akageuza kiti chake cha magurudumu kuelekea dirishani. Hakuongea naye mpaka chakula cha jioni.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kipimo cha bei kina mahali kinapokatika. Mtu anayehesabu baiskeli za bunge moja moja huacha kuhesabu anapofika kwenye kitu chake mwenyewe. Tuna mzee mwingine aliyewahi kufuga mbwa wa mbio. Ukutani kwake kuna picha zao, wembamba, masikio nyuma, kila mmoja na jina lake, na picha za wajukuu ziko mezani. Ireland ina mfuko wa serikali wa mbio za farasi na mbwa. Mwaka 2024 ulikuwa euro milioni 95, asilimia 80 kwa farasi na 20 kwa mbwa, yaani milioni 19 za mbwa. Mwalimu akitaka kumchokoza humuuliza ni wasaidizi wangapi wa watoto wenye ulemavu wangeajiriwa mashuleni kwa milioni 19. Yeye hujibu kwa ajira za vijijini, kwa wafugaji, kwa nauli na chakula na tiba ya mifugo, na asiposhinda kwa hoja husema milioni 19 siku hizi si kitu. Huyu ni mtu aliyepandwa na hasira juu ya banda lile kwa wiki nzima! Mimi niko na Mwalimu katika hili, na mzee anajua, na bado hunitaka nimfutie vumbi picha zile kwa mpangilio wake.

Mpira ndio unaochanganya kila kitu. Nasema mpira wa Kigaelic, unaochezwa kwa mikono na miguu. Wachezaji wake hawalipwi mshahara. Unamwona kijana Jumapili mbele ya watu zaidi ya 80,000 pale uwanja wa Croke Park, Dublin, na Jumatatu anafundisha hesabu darasani au anauza bima. Mayo haijachukua kombe la Ireland nzima tangu 1951. Kuanzia 1989 hadi 2021 ilifika fainali ikashindwa katika misimu 11. Wapo wanaosema ni laana: kwamba kikosi cha 1951 kilipita mji wa Foxford na kombe lake kikishangilia bila kuheshimu msafara wa mazishi, na padri akatamka kwamba hawatashinda tena mpaka wote wafe. Mchezaji wa mwisho kati ya walioanza mechi ile ya 1951, Paddy Prendergast, alifariki Septemba 2021, wiki mbili tu baada ya Mayo kushindwa fainali nyingine. Mkulima haamini laana. Anaamini pesa.

Na hoja yake ina uzito. Kuanzia miaka ya 2000 Dublin ilipata fedha za kukuza mchezo, zikiwemo za serikali, kupita kaunti nyingine yoyote. Watu wa Dublin watakuambia kaunti yao ina wakazi zaidi ya milioni 1.4, na Mayo ina karibu 138,000. Ukihesabu kwa kila mtoto, wanasema, ni haki. Mkulima atakuambia uwanjani hucheza 15 kwa 15. Nimewahi kumsikia akitetea ugawaji wa fedha za umma kwa kina ambacho wabunge wengi hawakifikii, akitumia mifano ya walinda lango.

Mpira na bunge vinakaa nyumba moja huku. John O'Mahony, aliyeifikisha Mayo fainali ya 1989 kisha akaipa Galway makombe ya 1998 na 2001, aliingia bungeni mwaka 2007. Alan Dillon, aliyeichezea Mayo katika fainali kadhaa za huzuni, ni mbunge tangu 2020. Mwaka 2025 Fianna Fáil wakajaribu njia hiyo kwa nchi nzima: wakamsimamisha Jim Gavin kugombea urais. Gavin ndiye aliyekuwa kocha wa Dublin ilipochukua makombe sita, na katika fainali tatu kati ya hizo, 2013, 2016 na 2017, aliyelia ni Mayo. Mjane wetu wa Fianna Fáil alijikuta njia panda. Chama ni chama, alisema, lakini mtu ametunyang'anya vikombe vitatu sasa anataka tumpe na ikulu.

Hakulazimika kuamua. Mapema Oktoba ikatoka habari kwamba miaka ya nyuma mpangaji wa Gavin alikuwa amemlipa kodi ya nyumba ya ziada, euro 3,300, na hakuwa amerudishiwa. Gavin akajitoa, ingawa jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura. Fikiria: wanasiasa wengine kabla yake walinusurika katika mambo ya mamilioni, yeye akaangushwa na euro 3,300. Lakini nenda kamwulize kijana yeyote anayepanga chumba katika nchi hii euro 3,300 ni kiasi gani. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Catherine Connolly wa Galway alishinda kwa takriban asilimia 63 ya kura halali, na zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi aliharibu kura yake.

Wazee wetu walipigia kura hapo hapo kwenye makao. Msimamizi huja na sanduku lake, akisindikizwa na askari polisi, huingia chumba hadi chumba. Mimi sikupiga, urais ni wa raia. Lakini katika chaguzi za mitaa Ireland humruhusu kila mkazi, awe na pasipoti gani, na Juni 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza ugenini. Kabla ya hapo wagombea walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba. Diwani alisimama kwenye mvua mlangoni kwangu, mgeni asiye na ukoo hapa, akaniuliza kinachonisumbua. Nikataja taa ya barabarani iliyokufa kwenye njia ninayopita nikitoka zamu ya usiku. Akaandika kwenye kidaftari. Mombasa nimewaona wagombea juu ya magari yenye vipaza sauti. Sikumbuki aliyewahi kuandika nilichosema.

Kura yenyewe huandikwa kwa namba: 1 kwa unayempenda, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Mgombea wako akishindwa, kura yako haizikwi naye, huhamia kwa wa pili. Ndiyo maana kuhesabu huchukua siku, na ndiyo maana kila mgombea akikuta umeshaahidi namba 1 huomba 2 kwa unyenyekevu mkubwa. Mjane alinifundisha adabu yake: usimkatalie mtu mlangoni, waahidi wote 2. Siku ya kuhesabu, makada huegemea kizuizi na kalamu, wakitazama kila karatasi inayofunuliwa, na mapema sana wanajua nani kapita. Taa yangu iliwashwa kabla ya uchaguzi. Mwalimu anaona huu ndio ubovu wa nchi yao, kwamba mwanasiasa anashughulikia taa na mashimo ya barabarani huku sera za nyumba na afya zikikosa mwenyewe. Mimi natembea kwenye mwanga na sina hamu ya kumbishia wala kumkubalia.

Kuna maoni mengine ambayo hunifikia kwa sauti ya chini, au hukatika nikiingia. Januari 2024 madiwani wa Mayo walipitisha hoja ya kusitisha ushirikiano na wizara iliyokuwa ikitafuta malazi ya waomba hifadhi, na katika mji wa Ballinrobe watu walisimama nje ya hoteli kupinga isigeuzwe makazi ya waomba hifadhi hao. Wiki zile jikoni kulikuwa na mada moja. Mfanyakazi mwenzetu mmoja, mtu mwema ambaye hunipa lifti theluji ikianguka, alinigeukia akasema si wewe tunayekusema, wewe unafanya kazi. Nikamjibu kwamba tofauti yangu na wao ni karatasi, kwamba wengi wao wangependa kuwa na mopu niliyoshika. Akasema anajua. Kisha akasema hoteli ile ndiko alikofanyia harusi.

Sikulipuuza neno lake la harusi. Ni kipimo kile kile: hajui bajeti ya wizara, anajua ukumbi. Mji mdogo ukipoteza hoteli yake umepoteza kitu, na serikali iliyokuja bila kumuuliza mtu ilistahili kelele. Ila kelele zilianguka juu ya vichwa vya watu ambao hawakuandika mkataba wowote. Na hii ni Mayo! Sensa ya 1841, kabla ya njaa kuu, iliikuta na watu karibu 389,000. Wengi kati ya waliobaki hai walikwenda Liverpool, Boston, Chicago, na ninaowaogesha leo wana ndugu pande zote hizo. Mkulima mwenyewe alichimba barabara Manchester ujanani, akilala watu sita chumba kimoja. Nilimuuliza Waingereza walikuwa wakisema nini juu yao. Akataja mambo mawili matatu, akanyamaza, akasema hata hivyo sisi tulifanya kazi. Hatujamaliza mazungumzo hayo.

Mjane yeye ana dada mtawa aliyetumikia Lodwar miaka mingi, na alipojua natoka Kenya aliniuliza kama ninamfahamu. Nikamweleza umbali wa Mombasa na Lodwar. Haikumzuia kunisimulia sanduku la kadibodi la Trócaire, shirika la misaada la Kanisa Katoliki la Ireland, ambalo kila nyumba ya Kikatoliki hulijaza sarafu wakati wa Kwaresima, na akataka kujua, kwa uzito wote wa mtu aliyewahi kuendesha duka, kama pesa zile zilifika. Nilimwambia huko Turkana nimeona visima na zahanati zenye majina ya Kiairishi, jambo ambalo ni kweli. Akataka kujua kisima kimoja ni kiasi gani.

Oktoba 2025 reli ya chini kwa chini ya Dublin, MetroLink, ilipata kibali cha ujenzi baada ya kupangwa, kufutwa na kupangwa upya kwa zaidi ya miaka ishirini. Makadirio ya serikali ya mwaka 2022 yaliiweka karibu euro bilioni 9.5, na hakuna aliyeyaamini. Hapa chumbani ikazuka bahati nasibu: kila mtu euro mbili kwenye kopo la biskuti, na karatasi yenye jina na bei anayodhani reli itafikia siku ya kufunguliwa. Mzee wa mbwa ameandika bilioni 20. Mkulima 31, na amepiga mstari chini yake. Muuguzi wa Kerala kaandika 14, akaambiwa bado ni mgeni. Mimi nimeandika 22. Mwalimu ndiye aliyechukua muda mrefu kuliko wote, akaandika 26 na nukta saba, akakunja karatasi yake, kisha akataka liandikwe pia jina la atakayelitunza kopo, na kama kopo lenyewe lilinunuliwa kwa pesa za makao au za mtu binafsi.